Picha ya Bulu ya Lufira

Kwenye ukuta wa sebule yangu, hapa Likasi, kumebaki msumari. Ninyi vijana mnaokuja kunisalimia mmeshaanza kuniuliza: Mama Lusia, ile picha ya bulu iko wapi? Leo mnaiulizia, na ilipokuwepo mlikuwa mnaicheka kabla hata hamjavuta kiti. Mto bulu, milima ya zambarau, mawingu kama mtu kamwaga dawa ya kufulia angani. Nadina, mnayemjua nyote, yule mwenye kibanda cha kupiga na kuchapa picha, aliniambia siku moja kwa adabu zote kwamba mashine yake ingeweza kuirudishia rangi zake za kweli kabla chai haijapoa. Nilimshukuru, nikamwambia anywe chai.

Basi kaeni. Nitawaambia ilikokwenda, na nitawaambia pia habari za kazi yangu, kwa sababu moja bila nyingine haieleweki.

Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi picha. Mnatoa macho? Zamani picha zilitoka nyeupe na nyeusi, na aliyetaka rangi ilibidi apakiwe kwa mkono. Nilifanya kazi hiyo kwa Papa Selestini, mwenye studio karibu na stesheni, tangu nilipokuwa msichana mpaka siku picha za rangi zilipoingia mjini na kutupeleka nyumbani sote wawili. Unachukua kijiti chembamba cha mwanzi, unakizungushia pamba mpaka kinakuwa na kichwa kidogo, unachovya kwenye rangi ya mafuta, halafu unapaka kidogo na kufuta sana. Kupaka ni kufuta, ndivyo alivyonifundisha. Anayeanza huweka rangi kama anapiga lipu ukuta. Aliyezoea huiweka kama poda usoni, na chini yake ile picha inaendelea kupumua. Karatasi inayong'aa usiiguse, rangi haishiki. Na siku zote anza na mbingu, kwa maana ukikosea mbingu bado hujaharibu uso wa mtu.

Mteja hakuachi ukae na njaa ya kucheka. Mtu alikuja na suti nyeusi ya kuazima, ukimuuliza, "Tuweke rangi gani, papa?" anakujibu bila kupepesa: "Ya mbingu." Bibi arusi mmoja aliniambia gauni lake lilikuwa la waridi, nikampakia waridi, mama mkwe akaja mbio: gauni lilikuwa jeupe, na katika ukoo wao hakuna aliyeolewa amevaa waridi! Nilifuta gauni zima kwa pamba na mafuta ya taa huku mama mkwe amenisimamia kichwani. Nilipomlalamikia Papa Selestini, alicheka hadi miwani ikamtoka.

"Weye unawaza bantu banakuja hapa kusema kweli?" akasema. "Banakuja kuonekana. Uliza muntu anataka kuona nini, halafu paka."

Niliyasikia maneno hayo kama mzaha wa kazini. Sikujua kwamba yalikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Picha mnayoiulizia ililetwa na mwanamke anayeitwa Godeliva. Mimi nilikuwa bado binti, yeye alikuwa tayari mama wa watoto, kwa hiyo nilimwita yaya, dada mkubwa. Baba yake, Muzee Kabwe, alikuwa mtu wa kando ya mto Lufira, upande wa Kapolowe, kijiji cha wavuvi na walima mihogo. Alikuja Likasi kijana, mke na mtoto wakabaki kwanza kijijini naye akirudi kila likizo, akafanya kazi kiwandani mpaka kifua kikachoka, akabaki kitandani kwa bintiye kule mtaa wa Kikula. Na alikuwa na ombi moja tu, analirudia asubuhi na jioni: apelekwe kwao auone mto.

Daktari alikataza. Kutoka stesheni ya Kapolowe hadi kijijini barabara ilikuwa mashimo matupu, na usafiri ulikuwa juu ya magunia ya makaa nyuma ya kamyo. Godeliva alituambia jambo hilo amesimama mlangoni mwa studio, hataki kuketi.

"Daktari njo alikataza, lakini minye njo nilimwambia papa hapana," alisema. "Kila siku ananiuliza, kila siku namwambia hapana. Sasa minawaza, kama haweze kufika ku mutoni, mutoni ifike kwake."

Papa Selestini akafunga kamera yake kubwa nyuma ya baiskeli, akapanda treni hadi Kapolowe na kumalizia safari kwa pedali. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto limekomaa, mvua ya kwanza inatafuta pa kuangukia. Alisimama kwenye ukingo alioelekezwa, akangoja mawingu. Kungoja mawingu ni kazi, msicheke. Leo mnapiga mara mia mnachagua moja. Yeye alikuwa na vioo vichache vya kunasia picha, akakaa juu ya jiwe na kofia yake mpaka mbingu ikajipanga yenyewe. Akarudi na picha ambayo hadi leo sijaona ya kuipita. Mto unapinda kama mkono unaokumbatia kitu. Nyuma yake milima, mmoja umejificha kwenye bega la mwingine. Na juu ya milima, mawingu makubwa yaliyosimama, vichwa vyeupe, matumbo meusi yaliyojaa maji. Hata bila rangi nilikuwa nikiiangalia nasahau kula.

Nikapewa niipake.

Milima nikaipaka kijani. Kwa nini? Kwa sababu milima ya kalenda ni ya kijani. Papa Selestini aliinama juu ya meza, akanishika mkono kunipeleka mlangoni na kunionyesha vilima vyetu vya hapa mjini. Nilizaliwa chini ya vilima vile. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijanyesha, miti ya pori letu hutoa majani mapya, na majani hayo hutoka mekundu, mekundu ya shaba na ya divai, ndipo baadaye yanakuwa kijani. Kila mwaka yalikuwa yamefanya hivyo mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nimeangalia kalenda.

Nikafuta. Nikaweka wekundu, kidogo kidogo, nikifuta zaidi ya kupaka.

Halafu kulikuwa na vidoti. Chini ya picha, kwenye jiwe moja pana kando ya maji, palikuwa na vidoti vyeupe vidogo sana. Kwetu sisi wapaka rangi, vidoti vyeupe ni vumbi lililoingia kwenye kioo, na vumbi linafunikwa kwa ncha ya brashi. Nilikuwa nimeshachovya brashi.

"Acha," akasema Papa Selestini. "Vumbi haijipange mustari."

Kweli vilikuwa vimejipanga, safu kwa safu. Nikadhani labda ni kokoto, nikaviacha. Mimi ni mtoto wa mjini, mambo ya kando ya mto siyajui.

Picha ilipokauka ilikuwa nzuri, ninawaambia bila aibu. Mawingu yalikuwa yanakaribia kunyesha mezani. Tukaipeleka Kikula wenyewe, Papa Selestini akiwa na sanduku la rangi kwa marekebisho, na mimi nimeishika kifuani kama mtoto wa kubatizwa. Godeliva alikuwa jikoni. Tukaingia kwa mzee, tukamwinua kwa mito, nikamwekea picha mbele yake karibu na dirisha.

Aliiangalia muda mrefu. Mimi nilikuwa nangoja kusifiwa.

"Haiko kwetu uku," akasema.

"Muzee, iyi njo Lufira," akasema Papa Selestini. "Minye mwenyewe nilisimama pale."

"Hapana. Mutoni yetu haina matope mu mwezi wa kumi. Na mawingu iko wapi? Minaona moshi. Nani alichoma pori?"

Akageuza uso ukutani. Mimi nilitaka ardhi inimeze, halafu nikataka kumjibu, kwa kuwa hasira zangu hazikuwa mbali siku zile. Mto wangu haukuwa na matope hata chembe! Lakini Papa Selestini alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa shati lake la Jumapili, jeupe, lililopigwa pasi. Akavuta ukosi wake na kumsogezea mzee.

"Muzee, shati yangu iko na rangi gani?"

Mzee akaangalia, akasita, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima.

"Rangi ya chai ya maziwa," akasema. "Bibi yako anakosa sabuni?"

Nilijiuma mdomo nisicheke. Papa Selestini hakucheka. Alinigeukia akanisemesha polepole, kama mtu anayefundisha kushona.

"Lusia, muzee hana kosa. Moshi iko mu macho yake. Sisi hatuweze kuitoa mule. Tutaitoa mu foto."

Nikaelewa nusu. Nusu nyingine nimeielewa mwaka huu. Macho ya mzee yalikuwa na ugonjwa ambao kwa Kiswahili unaitwa mtoto wa jicho: kioo cha ndani ya jicho kinazeeka, kinaingia ukungu, kinageuka manjano, halafu hudhurungi. Kila kitu unakiona nyuma ya chai. Weupe unakuwa njano, bulu inafia kwenye kijivu, na kwa kuwa inakuja polepole, hujui. Unadhani dunia ndiyo imechafuka.

Tukafungua sanduku la rangi palepale chumbani. Sijawahi kufanya kazi ya namna ile, kabla wala baada. Mimi napaka, mzee anaangalia, Papa Selestini ananichanganyia. Niliweka bulu kwenye mawingu. "Bado iko moshi," akasema mzee. Nikaongeza. "Bado." Nikaweka bulu kwenye maji, nikaweka kwenye weupe wa vidoti, nikaweka hata juu ya wekundu wa milima mpaka ukageuka zambarau, na roho inaniuma kwa kila kijiti, maana nilikuwa naiharibu kazi yangu nzuri kwa mkono wangu. Kwa macho yangu picha ilikuwa imekuwa kichekesho. Mzee alikuwa akisogea mbele. Aliacha kuegemea mito. Hakusema tena habari ya moshi.

Kisha akashika ukingo wa kitanda, akataka kushuka.

"Godeliva!" akaita, kwa sauti ambayo kifua chake hakikuwa nayo. "Godeliva! Mihogo iko inje! Mvua njo ile inakuja!"

Godeliva alitoka jikoni mikono ina unga wa kusonga bukari. Jiwekeni mahali pake. Anamkuta baba yake mguu mmoja chini, anapigania kusimama aende kuingiza mihogo, katika nyumba ambayo haina hata kipande cha muhogo kilichoanikwa. Nje jua kali. Na mbele yake kuna watu wawili wenye vijiti vya pamba na picha ya mto wa bulu.

"Munafanya papa yangu nini?" akasema. "Munamuchezea? Mutoni gani iko vile?"

Papa Selestini alijaribu kumweleza: macho ya mzee, shati, chai ya maziwa. Lakini mwambieni mtu maneno kama hayo wakati anamrudisha baba yake kitandani! Alisikia fundi anayejitetea kwa kazi mbovu.

"Mubebe ma rangi yenu, muende," akasema.

Tukaenda. Picha ilibaki kwa sababu mzee alikuwa ameishika. Alifariki mvua zikiwa bado changa, na kwenye kilio nilikaa nyuma kabisa, nikaimba pamoja na wengine na kuondoka kabla ya chakula. Yaliyobaki niliyasikia kwa majirani. Mzee hakuiachia picha mpaka mwisho, na mara nyingine alikuwa akitabasamu nayo. Lakini Godeliva alikuwa anajiambia kitu kingine: kwamba siku ile akili ya baba yake ilipotea, na kwamba kutabasamu kulikuwa ni kupotea kulekule. Yaani hakuuona mto. Aliomba kitu kimoja, binti akamnyima, na badala yake akapewa mzaha.

Nilikuwa nimeona jinsi mzee alivyosogea mbele, ndiyo. Lakini mihogo? Kwenye picha nzima hapakuwa na mihogo. Hata mimi mwishowe nilianza kuamini kwamba tulimchanganya.

Miaka ikaenda, mnaijua inavyokwenda. Papa Selestini akafa, studio ikawa duka la simu, mimi nikazaa, nikalea, nikazeeka. Mwaka juzi Godeliva alipita kwangu. Mwanawe alikuwa anamhamishia Lubumbashi, akawa anagawa vitu. Alikuwa na kitu bapa kimefungwa kwa kitenge, mafundo ya kitenge yamekazana kama jiwe.

"Iyi ni kazi yako, mudogo," akaniambia. "Tangu kilio sijaifungua. Kuitupa naogopa, ni papa aliishika. Kuiangalia siweze."

Akaiweka mezani na kwenda zake. Nilifungua mafundo yale kwa meno. Bulu ilikuwa palepale, aibu yangu mbichi kama siku ya kwanza. Lakini mnanijua: nilitafuta msumari, nikaitundika mbele ya kiti changu. Nikazoea kuketi nayo umeme ukikatika mchana na redio ikinyamaza. Niliangalia ule mpindo wa mto, mawazo yakaenda yanakotaka, mara kwa Papa Selestini na kofia yake juu ya jiwe, mara kwa mama yangu, mara hayaendi kokote, naelea tu.

Halafu picha ikaanza kupona.

Sijui ilianza lini. Nilikuwa nikisema moyoni, rangi za zamani hufifia, bora. Bulu ilikuwa ikijiondoa kwenye mawingu kidogokidogo, kama ukungu wa asubuhi unavyopanda bondeni na kuacha miti. Asubuhi moja niliketi na kikombe changu, nikainua macho, na mbele yangu kulikuwa na Lufira. Mawingu meupe, yale yenyewe, yamebeba mvua tumboni. Milima myekundu ya mwezi wa kumi. Maji safi yenye mbingu ndani yake. Nilisikia hata baridi ile inayotangulia mvua ikinipita miguuni. Nililia, sikujua kwa nini.

Nikamwita Nadina aje aone. Akaja, akasimama na simu yake mkononi.

"Mama," akasema taratibu, "iko bulu tu."

Ndipo nikamwangalia yeye. Alikuwa amevaa blauzi ya rangi ya chai ya maziwa.

"Nadina, blauzi yako iko rangi gani?"

"Nyeupe, Mama. Nilinunua jana."

Nikaketi tena. Nilikuwa mwanamke mzee mwenye mtoto wa jicho, kana kwamba nimeketi kwenye kitanda cha Muzee Kabwe, naangalia picha ambayo ilipakwa kwa ajili ya macho ya aina moja tu duniani. Hakuwa amepotea. Alikuwa ameona hivi. Furaha ilinijia na aibu nyuma yake, zinasukumana mlangoni.

Hospitali walinipasua jicho la kulia kwanza. Msiogope kazi hiyo ikija zamu yenu. Ni fupi, na kesho yake dunia inarudi kutoka dobi. Nilirudi nyumbani, nikaketi kwenye kiti changu. Kwa jicho la kulia, bulu ya kufulia. Nikalifunga nikafungua la kushoto: mto, milima, mvua inayokuja. Nilicheza mchezo huo kama mtoto. Lakini la kushoto nalo lilikuwa limepangiwa siku yake, na likishapasuliwa, nani mwingine angeweza kumwambia Godeliva kwamba baba yake aliona? Nikaomba wanisogezee siku. Muuguzi aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia nina mgeni namngoja.

Nikampigia simu Lubumbashi. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yote, lakini yeye alianza na malalamiko yake, na malalamiko ya mtu mzima huwezi kuyakata.

"Lubumbashi haiko muji, mudogo," akasema. "Iko moshi tu. Hata mashuka ya hapa haitakate, minawambia bale batoto bafule, banasema balisha kufula. Bukari yenyewe iko kama ya udongo. Na ukuta! Mwana wangu anasema alipaka nyeupe."

Nikaiangalia ile picha ukutani kwa jicho la kushoto.

"Yaya," nikamwambia, "kuja Likasi. Kuja uangalie ile foto mbele ya kuenda kwa munganga ya macho."

"Sitaki kuiona."

"Yaya, minakuomba."

Hakusema ndiyo. Lakini palikuwa na ubatizo wa kitukuu chake hapa, na baada ya misa walimleta kwangu, mjukuu mmoja amemshika mkono, mwingine amembebea mkoba. Niliwatuma wote wawili kununua soda. Nikamketisha kwenye kiti changu. Alikuwa amevaa vizuri, kilemba na kila kitu, na alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia magoti yake.

Nilikuwa nimepanga hotuba. Habari ya kioo cha jicho, ya chai, ya blauzi ya Nadina. Sikuitoa. Nilikumbuka jinsi maneno ya Papa Selestini yalivyomgonga na kuanguka chini siku ile.

"Angalia tu," nikasema.

Akainua kichwa.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapigizana kelele za mpira. Niliona mkono wa Godeliva ukiacha goti, ukashika ukingo wa kiti.

"Ile bulu ilienda wapi?"

"Hakuna muntu aliigusa, yaya."

Alisimama bila kushikwa. Akasogea hadi pua yake ikakaribia karatasi, akaweka kidole juu ya lile jiwe pana kando ya maji, kwenye vile vidoti vyeupe ambavyo nusura nivifunike kwa brashi nilipokuwa msichana. Alivipitia safu kwa safu.

"Iyi ni jiwe ya mama," akasema. "Hapa njo tulikuwa tunaanika. Mihogo. Angalia, iko inje yote." Kidole kikapanda polepole hadi kwenye matumbo meusi ya mawingu. "Na mvua njo ile."

Akanigeukia. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyapangusa.

"Papa hakukuwa anapotea."

"Hapana, yaya."

"Alikuwa kwao."

"Alikuwa kwao."

Tulikaa tumeshikana mikono hadi wajukuu wakarudi na soda, wakatuangalia sisi, wakaiangalia picha, wakajizuia kucheka. Godeliva aliondoka nayo mapajani mwake, ndani ya gari la mwanawe, bila kuifunga. Kitenge chake kiko hapa, mtakiona kwenye mkono wa kiti.

Mimi jicho la kushoto nimeshalipasua. Sasa naona vizuri: mashati yenu, makunyanzi yangu, na msumari. Anayeona ile picha amebaki mmoja, na nyumbani kwake hawamwelewi. Wiki iliyopita mwanawe alinipigia kunisihi nizungumze naye, kwani mganga wa macho yuko tayari na mama anakataa tarehe. Nikampigia jioni ileile. Nikamwambia kazi ni fupi, haiumi, na mashuka yatatakata yote kwa siku moja.

"Nitaenda, mudogo, nitaenda," akanijibu, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli. "Lakini acha kwanza niingize mihogo."